Kuyeyusha shanga kuukuu za kushonea: kujua kioo kipi kitapatana na kipi

Ushanga mdogo wa kushonea ni kipande cha bomba la kioo. Kioo cha moto kilivutwa mpaka kikawa bomba jembamba lenye tundu katikati, bomba likakatwakatwa, kisha vipande vikazungushwa kwenye joto hadi kingo zikalainika. Kiwanda kilitaka mambo mawili tu: rangi ipendeze, na tundu lipitishe sindano. Hakikuwahi kuahidi kwamba kioo cha ushanga mwekundu kitaelewana na kioo cha ushanga mweupe, kwa sababu vioo hivyo havikutarajiwa kukutana popote isipokuwa kwenye uzi. Sisi tunaoyeyusha shanga hizo ili kutengeneza shanga mpya ndio tunaovikutanisha motoni, kwa hiyo swali la kama vinapatana ni letu.

Ukipewa kopo la shanga za zamani na mtu akakwambia, "Hizo ni za Venezia, ni 104, wewe yeyusha tu," usibishane naye, ila usimwamini pia. (Hiyo 104 ni namba ya mtanuko wa kioo; nitaieleza hivi punde.) Venezia, Bohemia na Japani zimetoa shanga ndogo kwa wingi, kila rangi kwa mchanganyiko wake wa kemikali. Jina la mahali halikuambii kioo kile kitasinyaa kiasi gani.

Nachukulia kwamba tayari unajua kukaa mbele ya kichomeo cha gesi na oksijeni, unajua kuviringisha kioo laini kwenye ufito wa chuma uliopakwa tope la kuachanishia, na una tanuri dogo la kupozea shanga. Kama hujafika hapo, anza na fimbo za kioo zilizotengenezwa kwa kazi hii. Shanga kuukuu hazina haraka.

Kinachopasua ushanga

Kioo kikipashwa joto hutanuka, kikipoa husinyaa. Vioo viwili vilivyoshikana vikiwa laini havigombani, kwa kuwa kila kimoja kinatiririka na kumpisha mwenzake. Ugomvi huanza pale vinapokuwa vigumu, takriban nyuzi joto 500 za Selsiasi na kushuka. Kuanzia hapo hakuna kupishana tena: vinalazimika kusinyaa kama kitu kimoja. Kinachotaka kusinyaa zaidi kinamvuta mwenzake, na asiyetaka kufuata anabanwa.

Tofauti yenyewe ni ndogo ajabu. Mafundi hutaja vioo kwa namba ya mtanuko: 104, 96, 90, 33. Kioo cha 104 hutanuka sehemu 104 katika kila sehemu milioni 10 za urefu wake kwa kila nyuzi joto moja. Chukua ushanga wa milimita 10 wenye kioo cha 104 na cha 90, uushushe kutoka nyuzi joto 500 hadi joto la chumbani. Vioo hivyo viwili vitatofautiana kwa sehemu 6 au 7 za elfu moja ya milimita, ambazo huwezi kuziona. Lakini kioo hakijui kunyumbuka kama chuma, na mkazo unaozaliwa hapo unatosha kukipasua. Wakati mwingine kinapasuka tanurini. Wakati mwingine ushanga unakaa mezani wiki mbili bila kuguswa, halafu unasikia "tik".

Jifunze kusoma ufa. Ufa wa kutopatana kwa kawaida hufuata mpaka wa vioo viwili: huzunguka nukta kama pete, au humenya ganda zima la rangi ya juu. Ufa wa kupoa haraka hukata ushanga katikati bila kujali rangi. Nimeona watu wakilaumu tanuri lao miezi mitatu, kumbe tanuri halina kosa.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba kioo huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa. Kiini kikisinyaa zaidi ya ganda, ganda linabanwa, na hilo linaweza kuishi kama tofauti si kubwa. Ganda likisinyaa zaidi ya kiini, linakuwa kama nguo iliyoruka mwilini, na litachanika. Ndiyo maana vioo viwili vilevile vinaweza kusalimika kimoja kikiwa juu na kupasuka kikiwa chini.

Kwa nini namba peke yake haitoshi

Fimbo za Effetre, kampuni ya Italia, zinajulikana kwa 104. Kioo cha Bullseye, kampuni ya Marekani, ni 90. Kioo cha borosiliketi, kile cha vyombo vya maabara, ni 33, na hakifai kukaribishwa hata kidogo kwenye kazi hii. Namba hizi zina faida, lakini hupimwa kioo kikiwa kigumu, kwa kawaida chini ya nyuzi joto 300. Hazisemi lolote kuhusu mnato, yaani kioo kinaanza kukakamaa kikifika joto gani. Kimoja kikikakamaa mapema na kingine kikachelewa, mkazo utazaliwa hata kama namba zao ni pacha. Bullseye wenyewe hawategemei namba hiyo. Huyeyusha kila kioo pamoja na kioo kimoja cha kulinganishia, wakakituliza, yaani wakakipoza taratibu, kisha wakatazama mkazo kwa vichujio vya polaraizi, vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu. Hilo nasi tunaweza kulifanya mezani, na nitalieleza mbele.

Kwa hiyo acha kuuliza "shanga hizi ni namba ngapi?" Uliza "kioo hiki kinapatana na fimbo ninayotumia mimi?" Swali la pili lina jibu.

Hatua ya 1: chambua kabla ya kuwasha moto

Kwanza ondoa kisichotakiwa kuyeyushwa kabisa. Kazi ya shanga iliyo nzima, yaani mkufu, mkanda au nguo iliyoshonwa kwa mkono, ina thamani kuliko donge la kioo utakalopata, na ukishaiyeyusha hairudi. Yeyusha zilizokatika, zilizobaki, zilizomwagika chini ya droo.

Halafu ondoa plastiki. Gusa ushanga kwa ncha ya sindano ya moto: plastiki italainika na kunuka, kioo hakitajali. Usifanye jaribio hilo kwa kuingiza ushanga kwenye mwali.

Shanga zilizopakwa rangi au madini juu ni udanganyifu wa macho kwa kazi yetu. Zenye utando wa fedha ndani ya tundu zitapoteza mng'ao. Zilizotiwa rangi ya juujuu zitaunguza rangi na kubaki kioo cheupe kisicho na mvuto. Zenye kung'aa rangi za upinde wa mvua au za dhahabu zitafifia au kuacha takataka za kijivu. Unaweza kuziyeyusha, ila ujue unayeyusha kilicho chini ya koti.

Kuna pia shanga wagonjwa. Kioo cha zamani kilichotengenezwa na magadi mengi kupita kiasi huvutiwa na unyevu wa hewa, magadi yakatoka juu. Ushanga unakuwa na utelezi au ukoko, nyufa ndogo kama za udongo mkavu, na uzi wake huoza. Kioo cha aina hiyo hutoa povu na mapovu motoni. Mimi huzitenga na kuachana nazo.

Zinazobaki zipange kwa rangi, kisha kwa uangavu, kisha kwa chanzo. Shanga za uzi mmoja au pakiti moja ndizo pekee unazoweza kuziita kioo kimoja, na hata hapo kwa tahadhari. Nyeupe ndiyo inayowadanganya wengi. Weupe wa kioo umepatikana kwa njia nyingi: kwa mchanganyiko wa risasi na aseniki, kwa antimoni, kwa floraidi. Zishike mbele ya taa kali. Moja itakuwa kama chokaa, nyingine kama maziwa yaliyotiwa maji, nyingine itapitisha mwanga wa kahawia. Hizo ni nyeupe tatu, si moja.

Shanga nyekundu zenye kiini cheupe zinahitaji neno lake. Ziko katika vioo viwili, na vioo hivyo viwili vilipatanishwa na kiwanda, la sivyo ushanga usingefika kwako mzima. Ila vilipatanishwa vyenyewe kwa vyenyewe, si na fimbo yako. Ukiziyeyusha utapata mistari ya waridi na nyekundu, na unapaswa kulijaribu donge hilo kama kioo kipya kabisa.

Sasa pima uzito. Kioo cha kawaida cha chokaa na magadi kina uzito wa takriban gramu 2.5 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na chenye risasi nyingi kinafika 3 au zaidi. Chukua gramu 50 za shanga za aina moja, zitie kwenye silinda nyembamba ya kupimia yenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, gongagonga mpaka hewa itoke kwenye matundu. Maji yakipanda mililita 20, ni kioo cha kawaida. Yakipanda 16 au 17 tu, umeshika risasi. Jaribio hili linachosha kidogo, lakini litakuokoa na mshangao wa kioo kinachogeuka cheusi mbele ya macho yako.

Hatua ya 2: osha, kisha kausha kweli

Ondoa uzi wote. Uzi ukibaki ndani ya tundu utaungua na kuacha masizi ndani ya kioo. Loweka shanga kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini, tikisa, mwaga, rudia mpaka maji yawe safi, kisha suuza mara mbili.

Kukausha ndiko kunakofanywa vibaya. Tundu dogo hushika tone la maji, na tone hilo likikutana na mwali linageuka mvuke na kuurusha ushanga kama risasi ya bunduki. Tandaza shanga kwenye bati, ziweke tanurini kwenye nyuzi joto 120 kwa saa moja, kisha zibaki za moto mpaka utakapozitumia.

Hatua ya 3: onja tabia ya rangi

Kabla ya kupima kupatana, yeyusha punje tano au sita za kila aina uone rangi inafanya nini. Haina maana kuhangaika na kioo kinachopatana vizuri lakini kinatoka na rangi ya tope.

Washa feni ya kuvuta hewa nje kabla ya kichomeo, na hapa sisemi kwa desturi tu. Shanga za zamani za njano, machungwa na nyekundu kali huweza kuwa na kadimi, metali yenye sumu. Nyeupe na njano zisizopitisha mwanga huweza kuwa na risasi, aseniki au antimoni. Za kijani-njano huweza kuwa na urani, ambayo utaitambua kwa kung'aa kijani chini ya taa ya urujuanimno. Vaa miwani ya didimi ili mwanga wa njano wa sodiamu usikuzuie kuona kazi. Usisage shanga hizi zikiwa kavu, na usile chochote kwenye meza hiyo.

Pasha ncha ya fimbo angavu ya kioo chako mpaka inate, gusa nayo punje za moto, kisha zipeleke pembeni mwa mwali, si katikati. Nyekundu na machungwa za kadimi na seleni huonekana nyeusi au kahawia zikiwa za moto, kisha hurudi zikipoa. Zikichomwa kupita kiasi huchemka na kubaki za rangi ya ini. Nyekundu ya shaba nayo huweza kuchafuka motoni. Kioo chenye risasi kikipata mwali wenye gesi nyingi hufunikwa na utando wa kijivu au mweusi, kwa hiyo ongeza oksijeni na ukae mbali zaidi na mdomo wa kichomeo. Kitalainika mapema kuliko unavyotarajia na kudondoka.

Andika uliyoyaona. Rangi iliyokufa hapa haina haja ya kuendelea.

Hatua ya 4: jaribio la uzi

Jaribio hili la uzi wa kioo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Halihitaji tanuri wala kifaa chochote, na jibu linakuja ndani ya dakika tano.

Tengeneza donge la kioo cha shanga lenye upana wa milimita 5 hivi kwenye ncha ya fimbo moja. Ili kulijaza, chovya ncha inayonata kwenye kibakuli cha shanga za moto, yeyusha, chovya tena. Ondoa kioo cha fimbo kisiingie ndani ya donge: baada ya kukusanya ya kutosha, vuta donge pembeni na ulikate lilipoungana na fimbo. Tengeneza donge jingine la ukubwa uleule kutoka kwenye kioo chako unachokijua, chenye rangi tofauti ili uweze kutofautisha pande.

Yabandike madonge mawili ubavu kwa ubavu, kama mikate miwili iliyoshikana, si moja juu ya ncha ya nyingine. Minya kidogo kwa koleo bapa. Shika kila mwisho kwa fimbo yake, ili mpaka wa vioo viwili ukimbie kwa urefu kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia. Pasha pande zote sawasawa. Usisokote hata kidogo, kwa sababu uzi uliosokotwa hujikunja kama chemchemi na hauwezi kusomeka.

Toa kwenye mwali, hesabu mbili, kisha vuta taratibu ukiwa umenyoosha mikono mpaka upate uzi wa nusu milimita hivi. Shikilia ukiwa umekaza mpaka ukakamae, sekunde kadhaa tu. Kata sentimita 30 za katikati, uulaze kwenye meza tambarare na uuache upoe kabisa.

Sasa tazama. Ukiwa umenyooka kama rula, vioo vinasinyaa kwa kiasi kimoja. Ukiwa umepinda kama upinde, kioo kilicho upande wa ndani wa upinde ndicho kilichosinyaa zaidi. Kwa hesabu, uzi wa nusu milimita wa 104 na 90 utajikunja kiasi cha katikati kuachana na mstari ulionyooka kwa sentimita 2 hadi 2.5 katika urefu wa sentimita 30. Tofauti ya namba 2 tu itakupa milimita 3 au 4. Jicho linaona tofauti hiyo bila shida.

Kuwa mwangalifu na unene. Uzi ukiwa mwembamba mara mbili, unapinda mara mbili, hata kama vioo ni vilevile. Kwa hiyo usilinganishe uzi mnene na mwembamba. Kabla ya kujaribu shanga, vuta nyuzi mbili za mfano: moja kwa rangi mbili za fimbo zako ambazo unajua zinapatana, nyingine kwa fimbo yako na kipande cha chupa. Zibandike kwenye kadi. Hizo ndizo mizani yako: ya kwanza ni "ndiyo", ya pili ni "hapana", na kila jaribio la shanga litaangukia mahali kati yake.

Vuta kila jozi mara tatu. Uzi hupinda pia kwa sababu ya kuvutwa mshazari au upande mmoja kuwa wa moto zaidi. Mara mbili upande uleule na kiasi kilekile, hilo ni jibu. Mara moja kushoto na mara moja kulia, huo ni mkono wako.

Hatua ya 5: thibitisha kwa polaraizi

Uzi hupoa haraka mno kuweza kuonyesha kila kitu kinachotokea ushanga mnene unapopoa taratibu. Kwa rangi zilizofaulu na unazokusudia kuzitumia kwa wingi, fanya hatua hii pia. Zilizofeli vibaya kwenye uzi usizipotezee muda hapa.

Chukua fimbo yako angavu isiyo na rangi, yeyusha kipande kiwe kama kidonge bapa chenye unene wa milimita 5 au 6. Juu yake weka nukta ya kioo cha shanga yenye upana wa milimita 3, iyeyushe mpaka ilale sawa na uso. Kando yake weka nukta ya fimbo nyingine ya kioo cha aina unayotumia, kwa kulinganisha. Tia kidonge tanurini na ukitulize kikamilifu kama nitakavyoeleza. Bila kutulizwa, kidonge kizima kitakuwa na mkazo wa kupoa, nawe utailaumu nukta isiyo na hatia.

Kikipoa, fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye skrini ya LCD na uvae miwani ya jua ya polaraizi. Mwanga wa skrini hiyo tayari umechujwa upande mmoja. Inamisha kichwa, au zungusha miwani, mpaka skrini ionekane nyeusi. Skrini isipozima, tafuta nyingine. Kisha weka kidonge kati ya skrini na miwani. Kioo kisicho na mkazo hubaki cheusi. Penye mkazo panang'aa. Ukiona pete ya mwanga kuzunguka nukta ya shanga na hakuna kitu kuzunguka nukta ya kulinganisha, hawa wawili hawapatani. Pete hafifu sana, ya kutafuta kwa kukodoa macho, inavumilika kwa mapambo madogo. Pete kali inayoonekana mara moja haivumiliki kwa lolote.

Jaribio hili halifanyi kazi juu ya kioo kisichopitisha mwanga, lakini nukta yenyewe inaweza kuwa ya aina yoyote, maana unatazama kioo angavu kinachoizunguka.

Hatua ya 6: geuza punje kuwa fimbo

Kuchovya punje moja moja huku ukitengeneza ushanga ni fujo. Ni afadhali ukae kipindi kizima ukitengeneza fimbo na nyuzi tu.

Adui ni hewa ndani ya matundu. Tunga shanga kwenye waya mwembamba wa chuma cha pua ukitaka zikae sawa, au zikusanye kwa ncha inayonata kama tulivyofanya. Kwa vyovyote vile, yeyusha kutoka upande mmoja kuelekea mwingine, ili tundu lifunge nyuma na hewa ikimbilie mbele. Ukilipiga donge zima kwa moto mara moja, matundu yote yanafunga hewa ndani na utapata kioo kama sifongo. Minya donge kwa koleo bapa, likunje, lipashe, liminye tena, mara nne au tano. Kisha vuta: milimita 4 au 5 kwa fimbo, milimita 1 au 2 kwa uzi wa kupambia.

Mapovu machache hayataisha. Katika uzi mwembamba yanageuka mistari mirefu ya fedha, na kusema kweli mimi huyapenda.

Wengine humwaga shanga kwenye karatasi ya nyuzi za kauri na kuziyeyusha tanurini kwenye nyuzi joto 800 hivi, wapate bamba la kukatwa vipande. Linawezekana, ila mapovu ni mengi, na kioo kingine kikikaa muda mrefu kwenye joto hilo hufanya ukungu mgumu juu.

Hatua ya 7: kukitumia

Salama kuliko yote ni kutochanganya. Huko K2, makazi ya kale karibu na mto Limpopo kaskazini mwa Afrika Kusini ya leo, kati ya mwaka 1000 na 1220 hivi, watu walichukua shanga ndogo zilizoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi, wakaziyeyusha na kuzifinyanga kwa kalibu za udongo kuwa shanga kubwa nene za umbo la pipa fupi. Shanga hizo kwa kawaida ni za rangi moja, buluu-kijani, kama punje zilizoyeyushwa. Ushanga wa kioo kimoja hauna wa kugombana naye. Rangi yoyote iliyofeli majaribio ya kupatana hapo juu bado inafaa kwa njia hii, mradi punje zote ni za uzi au pakiti ileile.

Ukitaka kuchanganya, mahali na kiasi ndivyo vinavyoamua.

Kilichonyooka kwenye uzi na kubaki cheusi kwenye polaraizi, kitumie kama fimbo zako nyingine.

Kilichopinda kidogo, kitumie juu ya uso tu, kwa nyuzi nyembamba na nukta ndogo, ukipendelea kile kinachosinyaa kidogo kuliko kioo cha chini. Kiache kimeinuka kidogo badala ya kukiyeyusha kizame kabisa. Usikifunike kwa kioo angavu, kwa sababu kikishafungiwa ndani hakina pa kupumulia, na mkazo unaosukuma kutoka ndani hupasua ushanga wote, si nukta tu. Usikifanye kiini. Usikizungushe kama pete kamili kiunoni mwa ushanga, kwa kuwa pete inayosinyaa zaidi hukaza kama mshipi.

Kuna ujanja wa kukichanganya na kioo chako kwa kukisokota pamoja, sehemu moja ya shanga kwa sehemu kadhaa za fimbo, ukavuta uzi mmoja wenye mistari. Unapunguza ugomvi kwa kuwa kila mstari ni mwembamba, lakini hauuondoi. Rudia jaribio la uzi kwa mchanganyiko huo, na safari hii lazima uwe umechanganyika vizuri kabla ya kuubandika ubavu kwa ubavu.

Hatua ya 8: kutuliza

Kutuliza ni kushikilia ushanga kwenye joto ambalo mkazo unalegea lakini umbo haliharibiki, kisha kuushusha taratibu. Kwa msingi wa kioo cha 104, shikilia nyuzi joto 515 kwa dakika 30 hadi saa moja baada ya ushanga wa mwisho kuingia, kisha shusha nyuzi 60 kwa saa mpaka 370, ndipo uzime tanuri likiwa limefungwa. Kama shanga zako zina risasi, kioo hicho huwa laini katika joto la chini zaidi. Kisigusane na sakafu ya tanuri wala na ushanga mwingine, na uendelee kushusha taratibu hadi 340.

Kupoza ndani ya vamikulaiti ya moto, yaani chembe za madini mepesi zinazohifadhi joto, kunafaa kuokoa ushanga usipasuke dakika ile. Hakutoshi kwa kazi yenye kioo cha shanga kuukuu, kwa kuwa hutajua kama ufa uliokuja ni wa kupoa au wa kutopatana.

Kutuliza hakuponyi kutopatana. Unaweza kukishikilia kioo saa kumi: mkazo wote utalegea kule juu, kisha utazaliwa upya kikianza kushuka.

Baada ya tanuri, ushanga wa kwanza wa kila jozi mpya usiuvae wala usiutoe zawadi. Uache kwenye friza usiku mmoja, uutoe upate joto la chumba, uutazame kwa lenzi kuzunguka kila mpaka wa rangi, kisha uuweke kwenye kisanduku pamoja na uzi wake wa majaribio na kikaratasi: shanga za pakiti ipi, fimbo ipi, uzi ulipinda upande gani na kiasi gani, tarehe. Fungua kisanduku baada ya miezi miwili. Waliosalimika ingiza kwenye daftari lako kama jozi halali, kwa pakiti hiyo tu. Pakiti ikiisha na ukapata nyingine ya rangi ileile, anza tena na uzi.